Shiraz katika Joto la Dar

Hotuba iliyotolewa Upanga, Dar es Salaam, Jumamosi jioni, mbele ya wahudumu wa hoteli na baa, wenye maduka ya vinywaji na wapenzi wa mvinyo

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu na wenzangu wa rika, habari za jioni. Nawashukuru walioniita, na nawashukuru zaidi ninyi mliotoka kazini mkaja moja kwa moja. Naona wengine bado mko na sare, na najua foleni ya leo ilivyokuwa.

Nimehudumu mezani katika jiji hili miaka 19. Kwa miaka kama kumi ya mwanzo, mgeni akiniuliza, "Dada, kati ya hizi mbili ipi nzuri?", nilikuwa namwonyesha ile ya bei kubwa. Sikuwa na nia mbaya. Niliamini kabisa kwamba aliyepanga bei anajua, na kwamba kazi yangu ni kusoma namba. Leo nimekuja kuwaambia nilichojifunza baada ya hapo, na nitakisema kwa mvinyo mmoja tu, Shiraz, kwa sababu ndio mwekundu unaoagizwa kuliko mingine kwenye meza zangu. Nilichojifunza ni hiki: chupa ipozwe, lebo ifunikwe, kila mtu aandike alama zake mwenyewe, na bei iangaliwe mwisho kabisa.

Kwanza jina, maana hapa pwani jina hili halipiti kimya kimya. Ukisema Shiraz mbele ya mtu wa Kilwa au Unguja, anawaza Washirazi, anawaza simulizi za majahazi yaliyotoka Uajemi. Mtu mzima wa Visiwani anakumbuka chama cha Afro-Shirazi. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza mezani kama mvinyo huu una undugu na hao. Nilimjibu kwamba mji wa Shiraz, kule Iran, ulisifika kwa mvinyo kwa karne nyingi, na Hafez, mshairi wa mji huo wa karne ya 14, aliutaja sana katika mashairi yake, ila zabibu hii haikutoka huko. Mwaka 1998 watafiti wa California na wa Ufaransa walipima vinasaba vyake wakawapata wazazi: zabibu mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa, Dureza ambayo ni nyeusi na Mondeuse Blanche ambayo ni nyeupe. Wafaransa wanaiita Syrah. James Busby alipeleka vipandikizi Australia mwaka 1832, na huko ndiko jina la Shiraz lilikoshika mizizi. Afrika Kusini wanatumia majina yote mawili. Kwa hiyo Syrah na Shiraz ni zabibu ile ile. Anayeandika Syrah kwenye lebo mara nyingi anakuambia amefuata njia ya Ufaransa, mvinyo mwepesi kidogo wenye pilipili. Anayeandika Shiraz anakuahidi tunda lililoiva sana na mvinyo mzito.

Sasa ladha. Hapa ndipo wengi wetu tulipokata tamaa mapema. Mafunzo tuliyopewa hotelini yalikuwa ya karatasi zilizotafsiriwa, zimejaa majina ya matunda ya vichaka vya Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyashika mkononi. Mtu anasoma, anakariri, anamsomea mgeni, lakini mdomoni mwake hakuna kitu. Mimi nilitoka kwenye giza hilo kwa msaada wa zambarau.

Msimu wake ukifika, zikianza kuuzwa barabarani, nunueni za shilingi elfu moja, mkae nazo chini. Kula moja taratibu, usimeze haraka. Utamu unatangulia. Kisha mate yanakujaa pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu. Kisha unakuja ule ukakasi, ufizi unakauka na ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi. Ukimaliza, rangi imebaki mdomoni na ladha bado ipo. Hapo umeshaonja muundo mzima wa Shiraz changa. Ukakasi huo kwenye mvinyo unatokana na tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na pia kwenye pipa. Mnaijua siku zote: iko kwenye bibo, iko kwenye ndizi mbichi, iko kwenye chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni majani yakiwa ndani. Tanini si kasoro. Kinachohitaji kupimwa ni kama imekaa na tunda au imelifunika.

Baada ya tunda, tafuta pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba wameipata kemikali inayoleta harufu hiyo kwenye Shiraz. Inaitwa rotundoni, na ni hiyo hiyo iliyomo kwenye pilipili manga tunayotia kwenye pilau. Huwa nyingi zaidi kwenye zabibu za maeneo yenye baridi. Na wakagundua jambo ambalo kila mhudumu anapaswa kulijua: kama mtu mmoja kati ya watano haisikii kabisa harufu hiyo. Pua yake ni nzima, ila kitu hicho kimoja hakimfikii. Kwa hiyo mgeni akikuambia haoni pilipili yoyote, usibishane naye. Anasema kweli.

Kisha kuna karafuu, na hapa nitamtaja mwenzangu mmoja wa Pemba tuliyefanya naye kazi miaka sita. Hanywi, ni Mwislamu anayeshika dini yake, na hajawahi kuonja tone la mvinyo. Alikuwa anafungua chupa, ananusa, basi. Siku moja alinusa Shiraz ya Afrika Kusini akaniambia, "Dada, humu mna karafuu, lakini si mbichi, ni ile iliyokwisha anikwa." Nikadhani ni hamu ya nyumbani. Baadaye nikaja kujua kwamba pipa la mwaloni linapochomwa ndani na moto linatoa yujenoli, na yujenoli ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Hakuwa anafananisha. Alikuwa anaitambua.

Na ni yeye huyo huyo aliyeniokoa usiku mmoja. Meza ya watu kumi, chupa ya bei, nimeshafungua na mkono wangu uko njiani kwenda kwenye glasi ya mwenyeji. Akanigusa kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo inanuka boksi lililoloa." Nikanusa tena. Kweli, tunda lilikuwa limekufa, na chini yake harufu ya karatasi ngumu iliyonyeshewa mvua stoo. Huo ni ugonjwa wa kizibo cha gome. Haumdhuru mnywaji ila unaua mvinyo, na hauna uhusiano wowote na bei. Tuliirudisha chupa, tukafungua nyingine. Ninyi mliomo humu msiotumia kilevi, na najua mko wengi, nawaomba msijione wageni kwenye kazi hii. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu, na pua haikatazwi.

Kwenye chupa za Australia mnaweza kukutana na mkaratusi. Mizabibu ikipandwa jirani na miti hiyo, mafuta ya majani yake yanafika kwenye zabibu. Wengine wanaipenda harufu hiyo. Mimi inanikumbusha dawa ya kuchua, kwa hiyo ikizidi nakata alama.

Sasa niseme lile lililonileta hapa kwa kweli, nalo ni joto.

Kila mafunzo yanasema mvinyo mwekundu unanywewa kwenye joto la chumbani. Chumba hicho ni cha Ulaya, cha nyumba za mawe kabla ya mitambo ya kupasha joto. Ni nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar mwezi wa pili, feni ikizunguka, ni nyuzi 30 na zaidi. Shiraz ina kilevi cha asilimia 14, wakati mwingine 15. Ukiimimina kwenye nyuzi 30, kilevi kinapaa chenyewe kuja puani na kuziba kila kitu. Hakuna zambarau, hakuna pilipili manga, kuna spiriti tu na utamu mzito kama jamu. Mgeni anakunja uso, anasema, "Huu mkali." Mvinyo haukuwa mkali. Sisi ndio tuliouchemsha.

Dawa yake ni rahisi. Ndoo, barafu, na maji. Maji ni lazima, kwa sababu barafu peke yake inaigusa chupa hapa na pale tu. Kama robo saa inatosha kwa chupa iliyokuwa juu ya kaunta. Kwenye friji ya kawaida ipe saa moja na nusu hivi. Mimi napenda kuitoa ikiwa kwenye nyuzi 15, kwa sababu kwenye glasi, kwa hewa yetu hii, ndani ya dakika chache itakuwa imeshafika 18. Wapo watakaosema mvinyo mwekundu hauwekwi barafuni. Mpeni mtu huyo glasi mbili za chupa moja, moja ya kaunta na moja ya ndoo, bila kumwambia. Nimefanya hivyo mara nyingi, na mara nyingi ya ndoo imeshinda.

Huo ni upande wa mezani. Upande wa dukani unaniuma zaidi.

Kwenye sendofu ya mdogo wangu niliamua kuwapa wazee heshima. Nikaenda duka moja hapa mjini, nikanunua chupa sita za Shiraz ya Barossa, bonde la mizabibu la Australia, kutoka shamba ninalolijua kwa sifa. Laki tano na sabini elfu, akiba ya miezi. Chupa zilikuwa zimepangwa dirishani, zinapendeza, jua la alasiri linapita katikati yake na kutoa rangi ukutani. Niliiona rangi hiyo, nikaisifu. Nyumbani nilipoondoa karatasi ya shingoni kwenye chupa ya kwanza, kizibo kilikuwa kimeinuka, kimesukumwa kutoka ndani. Pembeni yake kulikuwa na mstari wa rangi ya damu ya mzee uliopanda kutoka chini hadi juu. Mvinyo ulikuwa umepanuka kwa joto ukatafuta njia ya kutoka. Nikamimina. Ukingoni mwa glasi rangi ilikuwa kahawia, kama chai. Harufu ilikuwa ya zabibu kavu zilizochemshwa na sukari mpaka zikashika sufuria. Nikafungua ya pili, ya tatu, zote sita. Mjomba wangu alionja mara moja, akaiweka glasi mezani, hakuigusa tena.

Niliporudi dukani, kijana aliyenihudumia alinijibu kwa adabu kabisa: "Dada, waini hauharibiki. Ukikaa sana ndiyo unakuwa mzuri." Simlaumu, ndivyo alivyoambiwa. Lakini wenye maduka mliopo humu, naomba mnisikilize. Mvinyo unaokua vizuri kwa miaka unakua gizani, chupa imelazwa, kwenye nyuzi 13 hivi, bila kupanda na kushuka. Na nyingi ya Shiraz tunazouza zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, si kuwekwa. Dirishani haikui, inapikwa. Stoo ya bati inapikwa. Umeme ukikatika usiku na kiyoyozi kikazimwa Jumapili nzima ili kuokoa bili, nayo inapikwa. Kama huna uwezo wa kupoza duka zima, poza chumba kimoja cha ndani, ukae na chupa chache zinazozunguka haraka. Na wanunuzi, kabla ya kulipa shikeni chupa. Ikiwa ya vuguvugu mkononi, irudisheni. Pitisheni kidole juu ya kizibo: kikiwa kimevimba juu ya mdomo wa chupa, irudisheni.

Hii ndiyo sababu nasema thamani ya Shiraz katika Dar haianzii kwenye jina la shamba. Chupa ya elfu thelathini iliyotunzwa ni mvinyo bora kuliko chupa ya elfu tisini iliyokaa juani. Alama alizozitoa mtaalamu Marekani kwa chupa iliyotoka kwenye stoo baridi hazikusafiri na kontena hadi kwetu.

Na hizo alama tuziseme. Mnaziona kwenye vibandiko shingoni: 90, 92, 94. Mfumo wa 100 ulienezwa na Robert Parker wa Marekani, na kwa kweli unaanzia 50, kwa hiyo 80 si alama ya juu kama inavyosikika kwa mtu aliyesoma shule zetu. Wengine wanatumia 20. Sisemi wanadanganya, wana ujuzi mkubwa. Nasema tu angalieni kibandiko ni cha mwaka gani wa mavuno, kwa sababu nimekuta alama za mwaka mmoja zimebandikwa kwenye chupa ya mwaka mwingine. Na mjue ulimi wa mtaalamu nao ni ulimi. Robert Hodgson, mwenye shamba la mizabibu California, aliwapa majaji wa mashindano mvinyo ule ule mara tatu kutoka chupa moja, wakiwa hawajui. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba kama jaji mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyerudia alama zinazokaribiana vya kutosha. Mwaka huo huo wanasayansi wengine wa California waliwaonjesha watu mvinyo mmoja kwa bei mbili tofauti huku wakiwapima ubongo. Bei kubwa ilipotajwa, watu waliufurahia zaidi, na ubongo wenyewe ulionyesha raha zaidi. Hawakuwa wanajisingizia. Bei iliingia kwenye ladha.

Niliposoma hayo niliwakumbuka wageni wangu wote wa ile miaka kumi, nilivyowatajia bei kabla ya kuwamiminia.

Ndipo nikaanza kuonja kwa kufunika. Mwezi uliopita tulikaa watu wanane kwenye baraza ya rafiki yangu, Mbezi Beach. Glasi sita kila mtu, chupa zimevikwa magazeti na kufungwa utepe, zimepozwa kwenye ndoo moja. Aliyezifunika hakuonja. Mvinyo ulikuwa wa aina tano tu, kwa sababu moja ilirudiwa kwa siri kama ya pili na ya sita. Sitataja mashamba, maana chupa moja jioni moja haitoshi kumpandisha wala kumshusha mtu. Nitataja zilikotoka.

Ya kwanza ilikuwa ya Dodoma, shilingi 16,000. Ilipata wastani wa 12 kati ya 20. Tunda lake lilikuwa wazi, uchachu wake ulikuwa mzuri, ila ilikatika haraka, ukimeza tu imekwisha. Naomba nikae hapa kidogo. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima anaukata matawi na unaanza upya. Zabibu yao kubwa ni Makutupora nyekundu, na Syrah ipo. Chupa hiyo imesafiri kama kilomita 450 kwa barabara, haikukaa wiki kadhaa ndani ya kontena baharini. Na serikali inautoza mvinyo wa zabibu za nyumbani ushuru mdogo kuliko wa nje. Kwa 16,000 sijapata ya nje inayoifikia. Ninachowaomba watengenezaji wetu ni mizabibu ipunguziwe vishada ili vinavyobaki viive kwa ukamilifu, kwa sababu kilichokosekana kwenye glasi ile ni ukolezi tu.

Ya tatu ilikuwa ya Australia, ile inayoandikwa South Eastern Australia, shilingi 30,000. Wastani 13. Jina hilo linameza majimbo kadhaa, zabibu zinatoka popote. Ilikuwa tamu, laini, haina ubaya, na hakuna aliyekumbuka chochote juu yake ilipofika ya nne.

Ya nne, Barossa, 95,000. Ilipata 17. Baada ya yaliyonikuta kwenye sendofu nilitamani sana kuionja ikiwa nzima, na ilikuwa nzima. Zambarau zilizoiva hadi kupasuka, pilipili manga, karafuu, na baada ya kumeza nilihesabu kimoyomoyo hadi 20 ladha ikiwa bado ipo. Barossa wana mizabibu ya Shiraz iliyopandwa mwaka 1843 na bado inazaa.

Ya tano, Syrah ya Crozes-Hermitage, Ufaransa, 110,000, iligawanya baraza. Wawili walitoa 18, mmoja akatoa 9. Ilikuwa nyepesi, ina harufu ya zeituni na moshi wa nyama choma, uchachu umesimama. Aliyetoa 9 alitaka tunda. Sikumwona amekosea. Wastani ulikuwa 14, na wastani huo hauelezi lolote kuhusu mvinyo ule. Ndiyo maana siku hizi sitaji wastani bila kutaja mgawanyiko.

Na ile iliyorudiwa, ya Stellenbosch, Afrika Kusini, shilingi 38,000. Ikiwa ya pili ilipata 15, ikiwa ya sita ikapata 17. Mvinyo mmoja. Mimi mwenyewe niliipa 14, kisha 17. Nilikaa na karatasi zangu mbili nikitafuta sababu, na nikaipata kwenye saa: mishkaki ililetwa wakati wa glasi ya tano. Chumvi na mafuta ya nyama vinalegeza tanini. Ule ukakasi niliouandika kwenye glasi ya pili haukuwepo kwenye ya sita. Tangu siku hiyo naonja mara mbili, kavu na kwa chakula, maana hapa kwetu nani anakunywa Shiraz bila nyama mezani?

Nikiwa kwenye chakula niwaonye wahudumu mambo mawili. Pilipili mbuzi inawasha kilevi na kuzidisha ukakasi, kwa hiyo mgeni wa pilipili kali mpe Shiraz yenye tunda na kilevi kidogo, na iwe baridi zaidi. Na samaki mwenye mafuta kama kibua, usimpe. Madini ya chuma kwenye mvinyo mwekundu yanakutana na mafuta ya samaki, mdomoni panabaki ladha ya msumari.

Sasa hesabu ya thamani. Karatasi mliyopewa ina alama 20. Harufu 5, ladha 6, mizani 5, ladha inayobaki 4. Mizani maana yake tunda, uchachu, tanini na kilevi vimekaa pamoja bila kimoja kupiga kelele. Wengi wakimaliza hapo wanachukua alama wanagawa kwa bei. Msifanye hivyo. Ukigawa, chupa ya bei ndogo inashinda kila siku, hata ile ambayo hakuna mtu angetaka kuimaliza. Ulizeni hivi: alama ya ziada nimeinunua kwa shilingi ngapi? Kutoka Dodoma ya 16,000 yenye alama 12 kwenda Stellenbosch ya 38,000 yenye wastani wa 16, umepanda alama nne kwa 22,000. Kila alama 5,500. Kutoka Stellenbosch kwenda Barossa umepanda alama moja, na umelipa 57,000. Kwa harusi ya mwanangu nitailipa. Kwa Ijumaa ya kawaida sitailipa, na mgeni akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo.

Kuna sababu ya alama za mwanzo kuwa rahisi na za mwisho kuwa ghali. Chupa, kizibo, lebo na nafasi kwenye kontena havitofautiani sana kati ya mvinyo duni na mvinyo mzuri, na ushuru wa bidhaa unatozwa kwa lita, hauangalii ubora. Kwenye chupa ya chini kabisa kutoka nje, pesa yako karibu yote inaishia kwenye hayo, kinachobaki kwa ajili ya zabibu ni kidogo sana. Ukiongeza kidogo, nyongeza hiyo inakwenda kwenye mvinyo wenyewe. Ukipita kiwango fulani unaanza kulipia uhaba na jina. Kiwango hicho kwa Shiraz, kwa maduka yetu ninayoyajua, nakiona kati ya 30,000 na 45,000. Hapo ndipo ninapowapeleka wageni wangu.

Jambo moja kabla hatujaanza. Chupa moja ya Shiraz ya asilimia 14 na nusu ina kilevi kingi kuliko bia nne za nusu lita za asilimia 5. Mbele ya kila mmoja kuna kikombe cha kutemea. Kitumieni bila aibu, wanaofanya kazi hii duniani kote wanatema. Na aliyekuja na gari au pikipiki, tafadhali aniachie jina pale mlangoni, bajaji zipo nje.

Chupa tano ziko kwenye ndoo, zimevikwa gazeti. Mimi mwenyewe sijui ipi ni ipi, zimefunikwa na dada yule pale nyuma. Kipimajoto kinasema nyuzi 15. Nawaomba asiongee mtu mpaka wote mmeandika, kwa sababu neno la kwanza likisemwa kwa sauti, alama za meza nzima zinalifuata. Wasiokunywa, nuseni na mwandike alama za harufu, tutazijumlisha na za wengine.

Ya kwanza inamiminwa. Shikeni kalamu.